Usizuie Pumzi

Laiti ningekataa. Tulikuwa tumetoka kumzika shemeji yangu, aliyezama katika bwawa la Mtera baada ya mtumbwi wake kupinduka, na wakubwa wa ukoo walitaka niahidi mbele yao kwamba hakuna mtoto wa nyumba yangu atakayeingia majini. Mke wangu alikuwa amejifunika kanga usoni, akimlilia kaka yake. Nikaahidi.

Kusema kweli, ahadi ile ilinifaa. Nilikulia mahali ambapo mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji tunayachimba humo humo mtoni. Kisima kilipozidi kimo cha mtu, mtoto mwembamba ndiye aliyeshushwa akiwa na kata, akateke. Mwembamba kwetu nilikuwa mimi. Tulifundishwa kubana pumzi na kunyamaza huko chini, kwa kuwa kuta za mchanga hazikawii kuporomoka. Siku moja ziliporomoka, wakanifukua. Tangu hapo maji yanayonifika kifuani hunitetemesha.

Kwa hiyo binti yetu wa pekee alipopata nafasi ya kwenda Unguja kusomea uzamiaji, niliishika ile ahadi kama fimbo. Nikamwambia akienda asirudi. Akaenda. Mama yake alizungumza naye kwa simu nikiwa sipo, na kila aliponisihi nimwite nyumbani nilijibu kwamba anayepaswa kuomba radhi ni mtoto.

Alirudi kwa msiba wa mama yake. Baadaye akapata kazi ya kufundisha kuogelea na kuzamia kwenye bwawa la hoteli moja katika mtaa wa Miyuji, mjini kwetu, akapanga chumba chake. Kwangu, mtaa wa Nkuhungu, alikuja kunisalimia tu, akanywa chai, akaondoka. Niliona nitazeeka hivyo, na mwanangu akiwa mgeni.

Asubuhi moja nikamfuata bwawani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kujifunza."

Akanituma kwanza kwa daktari. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Daktari akanipima presha, akasikiliza kifua, akaniruhusu, kwa sharti nisitoke nje ya uangalizi wa mwalimu.

Siku ya kwanza alinivisha mtungi wa hewa mgongoni, miwani, na kifaa cha kupumulia mdomoni. Maji yalinifika kifuani tu. Nilipoinamisha kichwa nikabana pumzi, na papo hapo nikaziona zile kuta za mchanga. Niliibuka nikirusha mateke, moja likampata mwalimu wangu.

Mtunza bustani wa hoteli aliacha mpira wake wa kumwagilia. "Mzee, huko chini hakuna hata sato, ni vigae tu. Unakimbia nini?"

Nilicheka naye. Binti yangu hakucheka. Aliniketisha kwenye ngazi za bwawa akaniuliza ninaona nini nikiingia. Nikamweleza habari za kisima. Sikuwa nimewahi kumwambia mtoto wangu jambo lile.

"Kumbe na wewe unaogopa," alisema.

"Tangu utoto."

"Mbona mimi uliniambia sina heshima?"

"Ilikuwa rahisi kuliko kusema naogopa."

Alinikazia mkanda wa miwani. Kisha akasema, "Haya, baba. Mambo ya kisimani yaache kisimani. Huku usizuie pumzi hata kidogo. Vuta polepole, toa polepole. Nikiona mapovu yako najua upo."

Sikuweza siku ile, wala iliyofuata. Kifua changu kilikuwa na mazoea ya miaka mingi. Lakini nilirudi kila aliponipangia, na asubuhi moja tukashuka pamoja mpaka magoti yetu yakagusa vigae. Alishika ukanda wa begani kwangu. Nilivuta hewa, nikaitoa, na mapovu yakapanda kwa kishindo kama ng'ombe anayekunywa. Kule kisimani kelele ilikuwa hatari. Hapa ndiyo iliyomwambia mwanangu kwamba nipo. Tulikaa tukitazamana, na nyuma ya kioo cha miwani niliona anatabasamu.

Tulipotoka alinipa taulo. "Mvua zikiisha nitakupeleka Unguja, ukaone ninapozamia. Mama alitaka sana kwenda."

Nikamwambia nitakwenda, na nitakwenda kweli. Mama yake hakwenda. Alikufa bila kumwona tena mwanawe, kwa sababu niliahidi nilichopaswa kukataa, kisha nikakataa kumpigia binti yetu simu arudi nyumbani.