Kijiko Kimoja cha Oili

Leo nimenyang'anywa mteja kwa kijiko cha oili.

Boda mmoja wa soko la Rodi Kopany aliniletea pikipiki isiyo na nguvu. Nikasikiliza injini tu, nikamwambia, "Ringi za pistoni zimeisha. Tufungue yote."

Akavuka barabara kwa Atieno, fundi mwenzangu.

Atieno akatoa plagi, akaziba tundu kwa kidole, akapiga kiki. Akatia oili kidogo ndani, akarudia.

"Ingekuwa ringi, oili ingeziba na pumzi ingeongezeka. Hii ni valvu."

"Nyar Uriri, wewe ndio fundi," boda akamsifu binti huyo wa Uriri, kwa sauti ya kunifikia.

Nikajifanya natafuta spana.

Haya, chekeni. Lakini hiyo ya oili nilimfundisha mimi, wakati bado nilikuwa na subira ya kupima.