Ng'ombe Waliobeba Kiingereza

Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotutawala, lakini misheni yetu karibu na Ihumwa ilikuwa ya Waingereza, na mimi nilipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Kigogo maneno ya Kiingereza. Kazi ya kuchosha kuliko kulima. Kiswahili chenyewe walikuwa bado wanakitafuta. Tunaimba maneno mpaka koo linakauka; kesho yake ukiuliza, wanakutazama tu, kana kwamba hamjawahi kuonana.

Lakini watoto haohao hawakusahau ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe aliyetolewa mahari kabla hawajazaliwa walimjua kwa jina, kwa rangi na kwa mkunjo wa pembe. Jambo hilo lilinikera, mpaka siku moja nikasema, basi, hayo maneno tuwape ng'ombe. Kila mtoto akachagua ng'ombe wa kwao akampa neno jipya. Jike mweusi mwenye mabaka akaitwa Riva, yaani mto. Mkate, ambao hakuna aliyewahi kuuonja, ukawa ndama, Bredi. Jioni mifugo ikirudi, Kiingereza kilisikika kila upande, na wazee wakicheka mpaka machozi.

Binti mmoja alikuwa na maneno mengi kuliko wote. Baba yake, mwenye Riva na Bredi, alikuwa na kundi kubwa na hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo binti ndiye aliyechunga. Mzungu wetu, mkuu wa misheni, aliahidi kumpeleka shule ya juu atakapoweza kusoma kitabu peke yake. Nilijivuna, sikatai. Nilimwona tayari amekuwa mwalimu, na mimi nimekaa zangu kivulini.

Vita vikaja. Wadachi wakamkamata Mzungu wetu kwa kuwa alikuwa Mwingereza, wakaondoka naye kwa gari la moshi. Nikaendelea kufundisha, Kiingereza sasa tukikinong'ona. Halafu askari wa Wadachi wakaja kutafuta nyama ya jeshi, wakafungua zizi moja baada ya jingine. Kwa baba wa yule binti walichukua wote, hata ndama. Mama yake alijitupa mlangoni mwa zizi, wakamburuta pembeni wakapita.

Binti alikaa nyumbani majuma kadhaa, kisha akarudi darasani amekonda, macho yamemtoka. Mvua ilikuwa imegoma, ghalani hamna uwele, nami sikuwa na kitu cha kumpa ila maneno. Nilitaka sana asipoteze yale aliyokuwa nayo. Nikaanza na lile alilokuwa akilipenda kuliko yote.

"Riva," nikasema. "Unalikumbuka, mwanangu?"

"Namkumbuka, Mwalimu," akajibu taratibu. "Wamemla."

Hapo nilikata tamaa kabisa. Nikafuta ubao, nikawaambia wote waende na mama zao kuchimba mizizi porini.