Saini ya Ijumaa kwa Kazi ya Jumamosi

Saa moja kasorobo asubuhi, Mzee Ratiba anapanga viti. Anavipanga kimoja kimoja, vyote thelathini na viwili, ingawa wahudumu wa kazi hiyo wapo. Anafuta ubao uliokwisha kufutwa. Kisha anainamia kipaza sauti kilicho katikati ya meza na kuuliza, "Huko mnanipata?"

"Tunakupata, mzee," inajibu sauti ya mtu aliye mbali, ambako sasa ni alasiri. "Leo umetuwahi. Kuna nini?"

"Kuna neno."

"La heri?"

Anafuta ubao tena.

Mzee Ratiba ana miaka hamsini na saba, na hilo ni jina la kazini tu. Yeye ndiye mratibu wa ushirika wa wanafizikia mia moja na arobaini kutoka vyuo tisa, wanaojenga kigunduzi kimoja. Nani alete nini, lini, kiwekwe wapi na kiguswe na nani, yote yamo katika orodha zake. Shule aliishia darasa la saba. Aliingia hapa kama mtunza stoo, akapandishwa kwa sababu hakuna profesa aliyejua vitu vyake mwenyewe viko wapi.

"Wao wanajua ulimwengu ulianzaje. Mimi najua bisbisi iko wapi," anasema. Ni mzaha wake wa siku zote, ila leo anausema bila kucheka.

Kigunduzi chenyewe ni mtambo wenye ukubwa wa kabati la nguo. Ndani yake mna mabamba ishirini na manne yaliyosimamishwa kwa safu kama vipande vya mkate. Chembe ndogo mno, ambayo jicho haliwezi kuiona, ikipenya humo, kila bamba hutoa alama ya pale ilipopita. Lakini mtambo hauaminiwi mpaka ujaribiwe kwa mwale wa chembe zinazotoka kwenye mashine kubwa ya ukumbi wa jirani. Wenye kuutaka mwale huo ni wengi. Ushirika huu ulipewa siku tisa. Ukizipoteza, unarudi nyuma ya foleni na kungoja miezi kumi na minne.

Sasa, kabla mtambo haujafungwa, kuna desturi. Mratibu husimama mbele na karatasi, fundi huingia nyuma kwenye nyaya. Mratibu husoma namba kwa sauti, fundi hushika waya na kujibu, "Ninao." Nyaya mia tisa na sitini, moja baada ya nyingine. Shughuli hiyo huchukua saa sita na hukausha koo. Ikiisha, mratibu hutia saini. Bila saini yake hakuna umeme.

Safari hii wakubwa walitangaza kuwa zoezi lifanyike Jumamosi. Wao wenyewe Jumamosi hiyo walikuwa kwenye kongamano, hotelini.

"Nilikasirika," anakiri Mzee Ratiba. "Nikasema, kama wao hawaji, mimi ni punda wa nani?"

Hasira hiyo haikuanza juzi. Miaka sita iliyopita mke wake alifariki kwenye benchi la hospitali, akimngoja daktari aliyekuwa semina. Tangu siku hiyo, kila mwenye kiti cha kuzunguka ni mshtakiwa mbele ya Mzee Ratiba. Na aghalabu huwa hakosei. Wakubwa wakiharibu, huitwa changamoto. Mdogo akiharibu, huitwa kwa jina.

Basi Ijumaa saa tisa alasiri akatia saini karatasi ya kazi ya Jumamosi, akaiacha mezani, akaenda zake.

Jumamosi, fundi wa nyaya alifika peke yake. Ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka minne na nusu amefanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita, tisa mfululizo, kila mmoja ukiisha hajui kama upo mwingine. Alisoma namba mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Saa tano akapiga simu. Mzee Ratiba alikuwa uani anafua mashati.

"Mzee wangu, shikamoo. Hili bamba namba moja ni lile la mbele au la nyuma? Karatasi haisemi."

"Marahaba. Fuata karatasi, mwanangu."

"Ndiyo, lakini ukisimama huku nyuma penye nyaya, la kwanza ni..."

"Mwanangu, fuata karatasi. Karatasi haina ubishi."

Akakata simu, akaendelea na kola ya shati.

Jibu alikuwa nalo. Waliotengeneza mabamba huhesabu kuanzia mbele, mwale unapoingia. Waliochora karatasi ya nyaya huhesabu kuanzia nyuma, kwa sababu huko ndiko fundi husimama. Vyuo viwili, na kila kimoja kiko sahihi kwake. Mtu mmoja tu katika watu mia moja na arobaini alikuwa akiyajua yote mawili, na mtu huyo alikuwa na povu mikononi.

Mabamba ya mbele ni membamba, yanataka umeme mdogo. Ya nyuma ni manene, yanataka mwingi. Fundi, kwa kukosa jibu, alifuata namba zilizoandikwa kwenye mabamba yenyewe. Jumatatu mwale ulipofunguliwa na umeme kupandishwa, ule mwingi ukaenda kwa membamba. Mabamba matatu yakaungua kabla mtu hajamaliza kusema "zima." Ya akiba yalikuwa mawili. Kufungua mtambo, kutoa, kutia na kufunga upya kungekula siku nne kati ya tisa.

Kwenye mkutano wa Jumanne asubuhi, mkuu wa mradi aliingia na shingo nyekundu.

"Nani aliunganisha nyaya hizi?" aliuliza.

"Mimi," alisema fundi.

"Nawe hukujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi?"

Watu wakacheka. Kwenye kipaza sauti, wa mbali nao wakacheka. Fundi alimtazama Mzee Ratiba. Mzee Ratiba alitazama karatasi yake.

"Mkataba wako unaisha lini?" mkuu akauliza tena.

"Mwisho wa mwezi."

"Sawa. Utaishia hapo."

Mzee Ratiba aligeuza ukurasa. Ulikuwa mtupu.

"Nimewatukana wakubwa miaka sita kwa sababu wananyamaza," anasema sasa, macho sakafuni. "Siku yangu ilipofika, nikanyamaza vizuri kuliko wao."

Jioni alimsimulia binti yake, anayeishi naye, akidhani atapozwa. Alianza na kongamano na hoteli. Binti aliendelea kumenya viazi.

"Baba, na ile saini ilikuwa ya nani?"

"Hebu sikiliza kwanza. Wao ndio..."

"Nimesikia. Hotelini walikuwa wao. Simu uliipokea wewe." Akaweka kisu chini. "Au mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi?"

"Usiniletee methali za mama yako."

"Sasa nani mwingine atakuletea?"

Hakula. Ndiyo maana leo Jumatano viti vimepangwa mapema.

Saa mbili kamili chumba kimejaa. Fundi ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa. Mkuu wa mradi hajafungua kinywa wakati Mzee Ratiba anaposimama.

"Lile kosa la nyaya ni langu. Nilitia saini Ijumaa kitu ambacho hakijafanyika. Jumamosi mama huyu alinipigia na kuuliza swali lenyewe hasa. Jibu nilikuwa nalo, nikamkatia simu. Jana mlimcheka nami nipo."

Hakuna anayecheka. Mkuu anakohoa.

"Tunashukuru kwa uwazi, mzee. Basi kwenye ripoti tutaandika kulikuwa na changamoto za mawasiliano. Tuendelee na ajenda."

"Hapana, mkuu."

"Hapana nini?"

"Mkiandika hivyo, kosa halina mwenyewe. Na likikosa mwenyewe litarudi kwa huyu, maana jina lake limo kwenye kumbukumbu za jana. Andika, mratibu alitia saini kabla ya kuona."

"Unajua maana yake? Saini tutakunyang'anya. Na posho ya uratibu inaondoka nayo."

"Ni theluthi ya mshahara wangu. Najua."

Ripoti inaandikwa hivyo. Pia inaandikwa, kwa kuwa mzee amekataa kuketi, kwamba siku ya zoezi hakukuwa na kiongozi hata mmoja jengoni. Mkuu anaisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha anaitia saini kama mtu anayemeza dawa chungu. Mkataba wa fundi unaongezwa. Miezi sita, kama kawaida yao.

Nje ya chumba, Mzee Ratiba anamfuata fundi kwenye korido.

"Mwanangu, niwie radhi."

"Nimesikia, mzee." Hapunguzi mwendo. "Lakini jana nilikutazama."

"Najua."

"Hujui. Niliwaambia wanangu kazi imekwisha. Yule mtoto mkubwa akaniuliza, kwani mama uliiba?" Anausukuma mlango wa karakana. "Nikienda kuwaambia imerudi, ataniuliza imerudije. Nimjibu nini?"

Mlango unafungwa. Mzee anabaki amesimama mpaka wanafizikia wawili wanampita wakizungumza kwa minong'ono.

Sasa hashiki tena saini. Amerudishwa kwenye orodha za stoo, na mtambo umebakiwa na mwale wa siku tano. Wanaojua wanasema zitatosha nusu ya vipimo. Nusu nyingine ni ya foleni. Akiulizwa kama ana uchungu na wakubwa, anafikiri kwanza, jambo ambalo zamani hakulifanya.

"Ninao," anasema. "Lakini haunisaidii kulala."

Anao mpango mmoja. Amemwandikia mkuu barua kwa mkono, akiomba saini ya kufunga mtambo apewe fundi anayegusa nyaya, na awe na haki ya kukataa hata kama mkubwa amechukia. Barua haijajibiwa. Wiki ijayo ataandika ya pili, na inayofuata ya tatu, mpaka siku ya kustaafu, miaka mitatu kutoka sasa.

"Yule mtoto atauliza imerudije," anasema. "Nataka mama yake awe na kitu cha kumjibu kisichonihusu mimi."