Leo nimelamba ushahidi wa serikali

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza.

Leo tulikuwa sokoni Kewanja, mimi na afisa wangu, tukikagua dawa za mitishamba zinazolewesha na kuuzwa bila kusajiliwa. Kazi yangu ni kuandika tu. Bado niko kwenye majaribio, kwa hiyo naandika kila kitu, hata afisa akikohoa.

Tukafika kwa mama mmoja mzee mwenye kopo la unga wa mizizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mjukuu."

Akalamba unga kidogo mbele yetu, kama wauza dawa wa huku wanavyofanya kuonyesha kwamba si sumu. Kisha akanimiminia kiganjani.

Nikalamba.

Sikufikiri hata kidogo. Bibi yangu kule Kemambo alinilea hivyo: anaonja yeye, naonja mimi, kisha tunalala.

Soko likalipuka. "Karani amekula kesi!"

Afisa hakucheka. "Haya, wewe uliyeonja. Inalewesha?"

Mama yule akanitazama. Nikisema ndiyo, anapelekwa polisi.

"Inaleta usingizi tu, mkuu," nikasema. "Nimekua nayo."

"Andika hivyo. Usaini wewe."

Nikasaini. Kopo limekwenda kupimwa, mama amerudi kwake. Majibu yakiwa mabaya, jina lililopo ni langu, na ninaogopa kweli.

Lakini bibi ana miaka mitatu kaburini, na leo nimemwonja tena.

Tangu saa sita mchana sijanywa hata maji, ladha yake isije ikanitoka mdomoni.

Ninyi bibi zenu waliwaonjesha nini?