Tamthilia Tulizotazama Ndani ya Eda

Dada yangu alipofiwa na mumewe, runinga ya nyumba yake ya Kibokoni ilifunikwa leso, kama ifanywavyo katika nyumba yenye msiba. Hitima ikasomwa, watu wakatawanyika, naye akabaki na miezi ya eda mbele yake: hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mimi nilikuwa nikitoka kwangu Kuze kila siku baada ya alasiri kwenda kuketi naye. Siku moja nikamkuta ameiondoa ile leso.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Sauti nimeipunguza. Na marehemu mwenyewe alikuwa hapitwi hata na tamthilia moja."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutazama pamoja. Nilisoma fasihi chuoni na sijaacha tabia ya kutafuta kasoro. Dada yangu naye ana ulimi. Tulianza na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo mjane tajiri alizika mume asubuhi na jioni yuko ofisini kwa wakili, amevaa miwani myeusi na viatu vya kisigino.

"Ametoka huyu?" dada yangu akauliza. "Udongo haujakauka, ashatia wanja?"

"Lakini yualia, mwone."

"Yualia, na wanja haumchuruziki! Wanja gani huo? Niulizie dukani."

Ilifuata ya Kihindi, ambayo kila mtu akipashwa habari mbaya uso wake huonyeshwa tena na tena na radi ikipiga, hata kama nje ni kiangazi. Kisha tamthilia ya hapa hapa pwani, ambayo iliniudhi kuliko zote. Nyumba yenye mlango wa nakshi ilikuwa lazima iwe ya muuza unga, na wahusika walitoleana salamu ndefu kila walipokutana, kana kwamba waandishi walidhani ukishaandika salamu umeshaandika Mombasa. Palikuwa na filamu moja tu niliyoiheshimu. Mwanamke anakunja nguo za mumewe aliyekufa, moja moja, hana haraka, na hakuna anayempigia muziki. Nikamwambia dada yangu kuwa hiyo ndiyo sanaa ya kweli.

"Hiyo si filamu," akasema. "Hiyo ni mimi. Weka nyingine."

Lakini shutuma yangu kubwa ni juu ya wabaya. Katika tamthilia zote tulizotazama, mtu anayeitaka nyumba ya mjane hutambulika kabla hajafungua kinywa. Fidla hulia, jicho lake hubanwa, na akiwa peke yake hucheka mbele ya kioo. Mtazamaji huonywa mapema, na mjane naye, ajabu, huwa daima ana jibu tayari.

Shemeji wa dada yangu alikuja tukiwa katikati ya sehemu kama hiyo. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Nyumba ile waliachiwa na baba yao wao ndugu wote kwa pamoja, lakini dada yangu ndiye aliyeishi humo tangu alipoolewa, yeye na mumewe, wala hawakujaaliwa mtoto. Shemeji aliketi ukumbini, upande wa pili wa pazia, kama ada ya eda inavyotaka. Alikuwa ameleta halua na kahawa iliyokwisha kusagwa. Aliuliza juu ya presha ya dada yangu, kama dawa anameza, kama usingizi anapata. Dada yangu aliikata sauti ya runinga kwa heshima yake, lakini picha ikaendelea: mjane wa Kituruki alikuwa akipindua meza.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma ya pazia, taratibu, "nyumba hii imechoka. Mvua ikinyesha mimi silali, nakufikiria wewe. Tumekaa mimi na ndugu zangu, tumeona eda ikishakwisha, inshallah, ukapumzike kwa ndugu zako. Mwanamke peke yake nyumba nzima, si vizuri hata kwa maneno ya watu. Na yupo mtu aitaka, mtu mwema, Mwislamu mwenzetu."

Nilifungua kinywa. Dada yangu akanishika mkono kwa nguvu, macho yake yako kwenye meza iliyopinduliwa. Kimya kikawa kirefu.

"Nashukuru, shemeji," sauti ikasema. "Nilijua utaridhia."

Kwetu mwari akiulizwa kama amekubali kuozwa, kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Haya yake humsemea. Nadhani yule bwana aliamini kwa moyo safi kuwa amejibiwa. Alituaga, akashuka ngazi.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Baraza ya chini imejaa wanaume. Wasikie mjane yuko edani abishana na shemejiye?"

"Una haki yako. Robo ya fungu la mumeo ni yako, hata kadhi atakwambia."

"Robo ya nini, ndugu yangu? Ya dirisha? Mimi sitaki robo. Nataka kukaa hapa nilipomfumba macho."

Akaniambia atasema eda itakapokwisha, uso kwa uso, kwa adabu. Tangu siku hiyo akawa anatazama kwa namna nyingine. Hakucheka tena wanja. Aliwasikiliza wale wajane wakijitetea, akiwasahihisha chini kwa chini. "Huyu apiga kelele bure. Huyu atukana, ashaharibu." Mwisho akaniambia ameshapata maneno yake: "Shemeji, mimi sikuridhia. Naomba nikae." Basi. Hakuna meza, hakuna kofi. Nikamwambia kuwa hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angeandika maneno mazuri kama hayo, na nilimaanisha.

Majuma ya mwisho ya eda tulisikia miguu ya wageni ngazini na sauti za wanaume darini. Dada yangu alifunga mlango wa chumba, kwani hakuruhusiwa kuonana nao, akaongeza sauti ya runinga.

Siku ya pili baada ya kutoka eda, shemeji alikuja na mkewe, na safari hii hapakuwa na pazia. Dada yangu alivaa buibui lake jipya, akawatilia kahawa, akaketi wima. Akasema maneno yake yote, bila kutetemeka. Nilijivuna kwa ajili yake.

Shemeji aliweka kikombe chini. Uso wake ulijaa huzuni, na sina shaka ilikuwa huzuni ya kweli.

"Subhanallah! Sasa shemeji, mbona siku ile hukusema? Ungesema neno moja tu. Yule mnunuzi tushampa ahadi, na fundi wake ashaanza kutoa mabati ya juu. Nitamrudia na uso gani?"

Akamgeukia mkewe, mkewe akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilingoja. Sijui nilingoja nini, baada ya saa nyingi hivyo za kutazama. Dada yangu aliangalia mikono yake, kisha akawauliza kama waongezewe kahawa.

Alihamia kwangu Kuze Ijumaa iliyofuata. Shemeji alikuja mwenyewe kumhamisha. Hakukubali mchukuzi aguse godoro. Alijitwika begani, mtu mzima mwenye mvi, akatutangulia kichochoroni huku akituomba tutahadhari na tuktuk. Wanaume wa barazani wakasimama kumpisha.

"Mashallah," mmoja wao akasema kwa sauti, ili dada yangu asikie. "Shemeji kama huyu hapatikani siku hizi. Mshukuru Mungu, mama."

Dada yangu aliitikia kwa sauti ya chini, kama inavyopasa. Tulipofika mlangoni kwangu, shemeji alitua godoro, akajifuta jasho, akamtakia kheri. Naye akamshukuru.