Salamu Zangu Ndani ya Mashua

Leo nusura nishushwe mashuani kwa sababu ya salamu.

Nimetimiza miaka kumi na minane, basi nikaenda kuzunguka Ziwa Jipe kwa mara ya kwanza, na mtoto wangu Wakesho mgongoni.

Kwetu Mwanda huwezi kukuta watu ukaketi tu. Nikaanza kuwapa mkono abiria, mmoja mmoja.

Mashua ikalala upande.

"Wee mama mtoto, kaa ama ushuke!" nahodha akafoka.

Nikakaa.

Mama mmoja wa upande wa pili akauliza, "Na sisi je? Hatusalimiwi?"

Nahodha akafikiri. "Haya, atume mtoto."

Wakesho akapitishwa mkono kwa mkono, akicheka na kila mtu.

Ziwa nimeliona lote. Mtoto wangu nimemwona tena tuliposhuka.

Nyinyi mngeketi tu kimya? Semeni ukweli.