Magunia Matatu ya Mama Sifa

Siku yangu ya kwanza kama karani wa mahakama nilivaa koti la marehemu baba, lakini mkuu wa makarani hakuliangalia. Aliangalia mwandiko wangu. "Unaandika muzuri," alisema. "Sasa jifunze kuuliza mbele ya kuandika." Mimi nilisikia sifa tu. Onyo lilinipita, nikaja kulikumbuka nikiwa nakaribia kustaafu, hapa mjini Baraka, tulipofilisi kampuni moja ya maboti ya mizigo.

Ninyi vijana mnadhani kufilisi ni kufunga mlango na kuuza viti. Kampuni ikishindwa kabisa kulipa madeni, mahakama humteua mfilisi. Yeye hukusanya mali ya kampuni, huiuza, na kinachopatikana hugawiwa wadai kwa zamu. Karani humfuata na orodha. Kisichoandikwa hakiuzwi, kilichoandikwa kinauzwa, basi tena. Niliipenda sana kazi ile, na nilijivuna nayo kupita kiasi.

Mfilisi wetu alikuwa wakili kutoka Uvira, mtu wa haraka lakini si mwizi. Tulifungua ghala la bandarini nikaandika: injini mbili, maturubai, mizani, maharage, magunia matatu ya karanga. Yote nikayaita mali ya kampuni. Karanga, kwa kuwa zingeharibika, aliruhusiwa kuziuza mapema, na mchuuzi wa Misisi akazibeba kwa pikipiki. Ghala tukalifunga kwa lakiri ya mahakama.

Wiki iliyofuata wakaja wamama wa kijiji cha Lubondja. Ghala lile lilikuwa na sakafu ya saruji, panya hawakufika, hivyo waliweka hapo mbegu zao za maharage na karanga hadi msimu wa kupanda. Hiyo ni amana, si mali ya kampuni, wala haiuzwi.

"Karatasi iko wapi?" mfilisi aliuliza.

"Karatasi ya nini, chef?" alijibu mkubwa wao, Mama Sifa; kwetu kila mwenye cheo huitwa chef. "Kila mama anashonaka gunia yake na mushono yake. Leta sindano, tukuonyeshe."

Mishono ile niliiona siku ya kwanza, nyuzi za kila rangi, nikadhani ni urembo. Walishona magunia matupu tuliyowapa pale nje, mlango ukiwa bado umefungwa ili wasiige ya ndani. Tulipofungua, mishono ililingana, na kila mmoja akabeba maharage yake. Mama Sifa alibaki na sindano mkononi. Mshono wake ndio niliouona kwenye magunia ya karanga; karanga zilikuwa zake.

Mfilisi aliniita pembeni. "Muandike kama mudai. Atangojea zamu sawa bengine."

Zamu ile ilikuwa ya mwisho kabisa, yaani karibu na bure. Nilijua kwamba amana ikiuzwa kwa makosa, bei yake yote hurudi kwa mwenyewe. Lakini lazima mtu akiri kosa mbele ya jaji, na mtu huyo alikuwa mimi. Niliogopa, sifichi. Nilizunguka na orodha ile mfukoni siku mbili, kisha nikaipeleka kwa jaji.

"Nani aliandika hizi karanga ni za kampuni?" aliuliza jaji, ndiye rais wa mahakama yetu.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Sikuuliza."

Nilipewa barua ya onyo, na Mama Sifa akalipwa bei yote. Alizifunga zile pesa kwenye pembe ya kitenge.

"Aksanti, chef. Lakini ile ilikuwa mbegu ya mama yangu. Aliniachia mbele ya kufa. Mi ntaiomba kwa tribinali gani?"

Karanga zile zilishaliwa huko Misisi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nimestaafu. Barua ya onyo ninayo kabatini, pamoja na cheti changu cha utumishi, na vijana wa mahakama wakija kuniuliza habari za kazi nawaonyesha barua kwanza. Nikikuta sokoni karanga ndogo nyekundu kama zile zake, zenye maganda, nanunua kibakuli na kupanda pikipiki hadi Lubondja. Mama Sifa anavunja moja, anaitafuna polepole.

"Haiko yenyewe," anasema.

Halafu ananiletea kiti.